Muhogo wa Nurdini

Chiungutwa,
12 Juni 2025

Mama Faidha,

Nimefika. Nakuandikia kwa sababu simu yangu imezama kwenye pipa la maji ya kunawia, imekufa kifo cha aibu, na simu ya jirani yetu Shamte sitaki kuitumia. Ile si simu, ni redio ya kijiji. Ukimwambia nipe mke wangu, anaweka sauti kubwa, anakaa palepale anakunywa uji wake, na kesho Mkunya nzima inajua umekohoa mara ngapi. Kwa hiyo barua zitakuja na Husseni, kondakta wa basi la Newala. Mwandiko wangu unaujua. Wewe uliyefika kidato cha pili umvumilie mtu wa darasa la tano.

Tumeanza kupuliza salfa kwenye mikorosho ya Mwalimu Reginald. Tunaamka kabla upepo haujaamka, mashine mgongoni, vumbi la njano linaingia machoni hata ukijifunga kitambaa. Mchana naona kila kitu kama nakitazama kupitia chai ya maziwa. Watu watacheka wakisikia nasema niko mbali, maana Chiungutwa na Mkunya ni safari ya asubuhi moja. Lakini kibarua akiiacha mashine leo, kesho ina mgongo mwingine. Umbali wangu mimi ni huo.

Mwaka huu mbu wa mikorosho wamewahi. Ni kadudu kembamba, kanatoboa chipukizi kwa mdomo kama sindano. Palipotobolewa panageuka peusi na panatoa utomvu. Iko miti inalia utomvu mpaka chini.

Sasa niambie ya mihogo. Zile fito nilizokuja nazo Desemba zimeshika? Nikwambie na nilichokuficha: sikupewa. Nilizikata mwenyewe kule mwisho wa shamba la Mwalimu, kwenye mstari wa mpakani. Nilikuwa nimeitazama mihogo ile msimu mzima. Panzi hawaili, fuko hawaigusi, nguruwe pori wanafukua mihogo yote ya katikati lakini ile ya mpakani wanairuka. Nikasema moyoni, mti usioguswa na adui ndio mti wa maskini. Nikakata fito ishirini. Usimwambie mtu, hata Mama.

Mpe Mama shikamoo yangu. Faidha mwambie nimeona baiskeli ya kike, nyekundu, inapita kila siku hapa. Si yangu, lakini nimeiona.

Ni mimi,
Nurdini


Mkunya,
29 Juni 2025

Baba Faidha,

Barua yako imefika imelowa jasho la Husseni, lakini imesomeka. Mwandiko wako haujafa, unaumwa tu.

Mama yako anasema marahaba, na anauliza kama unakula au unameza salfa. Faidha amekuwa wa kwanza mbio za shule, amewashinda hata wavulana wa darasa la nne. Sasa haendi popote kwa kutembea. Ukimtuma chumvi anakimbia, ukimwita kula anakimbia. Anasema anajiwekea mazoezi ya siku utakapomletea baiskeli, ashindane nayo.

Mvua zilitukatikia Februari, unajua. Muhogo wetu wa zamani, ule mtamu tuliokuwa tunautafuna mbichi shambani, umekwisha. Wadudu weupe kama unga waliujaa vichwani, majani yakajikunja kama ngumi. Wa kwako umesimama. Panzi walipita, wakaumauma pembeni, wakaondoka. Nguruwe walifukua shamba la Swaumu lote, wakaruka letu, wakaenda kwa jirani wa pili. Watu wanasimama njiani wanatazama.

Mama yako alichimba mmoja, akaugusa kwa ncha ya ulimi, akatema mate, akasema, "Una uchungu, lakini si uchungu wa kuua." Tangu hapo watu wanakuja kuwekesha mbegu za msimu ujao. Wanauita muhogo wa Nurdini. Juzi mtoto wa Swaumu alitumwa, akasimama mlangoni akasema, "Mama anauliza, Nurdini amekomaa?" Mama yako akamjibu, "Nina miaka arobaini namngoja."

Hilo la mpakani nimelisoma na nimelikunja. Halitatoka kwangu.

Mkeo,
Mwanakombo


Chiungutwa,
18 Julai 2025

Mama Faidha,

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa juu ya mkorosho. Hakuna kitu kilichowahi kuitwa kwa jina langu. Hata mbuzi. Ashiru, kibarua mwenzangu wa Tandahimba, nilimwambia kijijini kwetu kuna muhogo unaitwa Nurdini. Akasema, "Basi lazima ni mwembamba na hauivi."

Nikusimulie la juzi, maana lilinichekesha siku ambayo sikuwa na nguvu ya kucheka. Tulikuwa tumepumzika kwa Mwalimu. Yeye alifundisha sayansi miaka thelathini, na mpaka leo akiona watu wawili wamekaa anadhani ni darasa. Ashiru akaonyesha mkorosho unaotoa utomvu, akasema, "Mwalimu, huu unakufa."

"Haufi. Unapigana."

"Kwa ngumi zipi?"

"Wewe ukivamiwa na nyuki unafanyaje?"

"Nakimbia."

"Haya. Mkorosho utakimbilia wapi, Lindi?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alisema mti hauna miguu wala mdomo, lakini ukiumwa unajua. Jani moja likitafunwa, habari inapita kwenye mishipa ya mti mzima, na majani ambayo bado hayajaguswa yanaanza kujitia uchungu, yamngoje mdudu. Mingine inatoa harufu, na harufu ile inawaita wadudu wengine waje kumla yule anayekula. Akasema, "Ile harufu ya majani mabichi mnayoisifu mkifyeka, ni kelele. Nyinyi tu hamsikii."

Ashiru alinong'ona kwamba uzee umeingia. Lakini kesho yake nilipokuwa nafyeka, ile harufu ilipopanda nilisimama kidogo. Sijui kwa nini nakuandikia hili. Mtu akichoka sana anasikia mambo.

Wa Tandahimba anakusalimu.

Nurdini, mwenye muhogo


Mkunya,
9 Agosti 2025

Baba Faidha,

Mahindi yamekwisha tangu mwezi uliopita, na mtama wa mwaka huu ulikuwa wa kuku. Tunakula muhogo wako. Swaumu amechimba kwetu, Shamte naye. Sikuweza kuwanyima, ungeona watoto wao.

Makopa sifanyi. Makopa yanataka siku nyingi na yanataka mtu wa kuyalinda, na tumbo halikubali kungoja. Nafanya chinyanya. Asubuhi namenya, natwanga mbichi, naanika kwenye chanja, mchana natwanga tena, nachekecha, naanika tena, jioni tunasonga ugali. Kinu hakipoi. Mama yako anasema mikono yangu imekuwa ya mwanamume.

Jumatano tulilewa kidogo muhogo, kizunguzungu na kutapika, kisha kikapita. Mama yako anasema ulevi wa muhogo ni wa zamani, ukilala unaamka nao umeondoka. Mboga hakuna, ni kisamvu tu cha mihogo ileile, tunachuma kila siku mpaka miti imebaki fito.

Faidha hajambo. Anachoka miguu tu, kwa ajili ya kuchota maji. Bomba la hapa halitoi, tunateremka bondeni na kupanda.

Usiache kazi kwa ajili yetu. Tuko salama.

Mwanakombo


Chiungutwa,
21 Agosti 2025

Mama Faidha,

Ukiisoma hii, sufuria ikiwa jikoni ipua. Usiwape chakula cha leo.

Ule ulevi wa muhogo ulinikaa rohoni. Leo asubuhi nikamwuliza Mwalimu, nikajifanya namwulizia mtu. Akaniuliza muhogo upi. Nikasema ule ambao nguruwe hawaugusi. Alinishika mkono akanipeleka mpaka mwisho wa shamba, kwenye mstari ule ule.

"Huu ni ukuta wangu," akasema. "Nimeupanda mchungu makusudi. Nguruwe akionja huu, anageuza. Mwaka jana kuna mtu alikata fito hapa. Nilidhani nguruwe wamejifunza kushika panga."

Akanitazama mpaka nikasema, "Ni mimi."

Nilingoja matusi. Akauliza, "Nyumbani wanaula?"

"Wanaula."

"Wanauloweka?"

"Hapana. Ni chinyanya."

Mwalimu alikaa chini, pale kwenye majani, na suruali yake safi. Mama Faidha, sijamwona akikaa chini tangu nimjue.

Sikiliza alivyonieleza. Ndani ya muhogo kuna vitu viwili vinavyokaa vyumba mbalimbali, kama mtu na mtalaka wake. Jino au mchi ukivunja ukuta, vinakutana, na vikikutana vinakuwa sumu. Ndiyo silaha yake. Na muhogo huu ukipata kiu unaongeza silaha, na ukiumwaumwa na wadudu nao unaweza kuongeza. Mwaka huu umeonja kiu. Mama alipougusa kwa ulimi mwezi wa sita, ulikuwa bado haujamaliza kujiandaa.

Lakini unalika. Sumu ile ukiipa maji na muda, inatoka yenyewe. Sisi tuliunyima muda. Fanya hivi. Menya, loweka ndani ya maji siku tatu mpaka ulainike kabisa, maji yale umwage mbali na kuku. Kisha uanike ukauke vizuri ndipo utwange. Huo unga ulionao sasa, uchanganye na maji, utandaze mwembamba kwenye jamvi, usizidi nusu ya kidole, uuache juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, ndipo usonge. Na wapate mbaazi au kunde au dagaa, chochote, kisamvu peke yake hakitoshi. Waambie na Swaumu na Shamte. Waambie wote.

Mwalimu amenipa simu yake nimpigie Shamte. Haikupatikana. Kwa hiyo Husseni anakuja na barua hii kwa basi la saa nne.

Tazama miguu ya Faidha. Mwalimu ameniuliza mara mbili habari ya miguu.

Nurdini


Mkunya,
31 Agosti 2025

Baba Faidha,

Barua yako ya tarehe ishirini na moja imefika tarehe ishirini na saba. Basi liliharibika njiani, Husseni akalala nalo siku zote hizo, barua yako mfukoni. Aliponipa alisema samahani kama mtu aliyechelewesha salamu.

Jumapili, siku tatu kabla ya barua, Faidha alipanda kutoka bondeni na ndoo. Alifika, akatua, akakaa kizingitini. Nikamwita kula. Nilisubiri kusikia akikimbia. Akasema, "Mama, miguu haitaki."

Haimwumi. Imekaza tu, kama mbao. Ukimsimamisha anasimama kwa vidole, magoti yanasuguana. Tulimbeba kwa bodaboda mpaka hospitali, Mama yako nyuma akimshikilia. Daktari alimgonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka kama umeitwa. Akaniuliza tulikuwa tunakula nini. Nilipomwambia aliandika neno moja, konzo, ndiyo sumu ya muhogo ikishika miguu. Akasema haitazidi, lakini haitarudi kama zamani. Nilimwuliza haitarudi kiasi gani. Akasema atatembea kwa fimbo, Inshallah.

Nami nikuambie langu. Tarehe tisa niliandika hajambo. Siku ile alikuwa ameanguka mara mbili akienda kisimani. Niliogopa ungeiacha mashine.

Kuna jambo moja. Shamte anaapa simu yake haikuzimwa hata saa moja wiki ile, alikuwa anangoja simu ya mwanawe. Nikamjibu ni mtandao. Nilimjibu haraka kabla hajauliza zaidi.

Sijui kama ndivyo.

Mwanakombo


Chiungutwa,
8 Septemba 2025

Mama Faidha,

Barua yako ninayo. Nimeikunja na kuikunjua mpaka imepasuka pale ulipoandika miguu haitaki.

Ni mtandao. Huku unakuja na kuondoka.

Mwalimu anatuma mbaazi debe moja, Husseni anazo. Mabibo yameanza kuanguka, tunaokota korosho. Kila mmoja wetu hapa ameinama kutwa. Nitakuja Novemba msimu ukiisha. Mwambie Faidha ile baiskeli nyekundu bado inapita.

Nurdini


Mkunya,
19 Septemba 2025

Baba Faidha,

Mbaazi zimefika, mshukuru Mwalimu.

Faidha amerudi shule. Anaondoka wa kwanza nyumbani na anafika wa mwisho darasani. Fimbo amechongewa na babu yake Swaumu. Hataki kushikwa mkono. Ukimshika anasema, "Niache, nakimbia."

Watoto wa Swaumu walitapika tu, sasa wazima. Shamte aliitisha kikao. Akasema muhogo wa Nurdini ung'olewe wote na uchomwe, na wewe ukifika uulizwe ulikoutoa. Watu wakaitikia. Mama yako akasimama na mkongojo wake akasema, "Ung'oeni. Halafu kesho asubuhi mje wote kwangu niwapikie huo moto." Hakuna aliyeng'oa. Hakuna kingine cha kula.

Basi sasa nyumba zote zinaloweka. Ndoo, mapipa, hata beseni la kuogeshea watoto. Siku tatu majini, na siku moja au zaidi juani, kabla ya mchi. Ukipita njiani kijiji chote kinanuka uchachu. Anayeomba mizizi haambiwi chukua, anaulizwa kwanza siku ngapi, na asiyejibu nne anarudi mikono mitupu. Watoto wameligeuza jina. Hawasemi tena muhogo wa Nurdini. Wanasema Nurdini Siku Nne. Nadhani utabaki na jina hilo hata tukifa.

Nilikaa na barua zako zote jana. Nimechoka kuzisoma. Ndani yake kuna mahali unanisimulia mambo ya miti kwa urefu, na kuna mahali unaandika mstari mmoja, "ni mtandao". Mimi nimeishi nawe miaka kumi na minne. Unapokuwa mkweli hunyamazi.

Usituandikie tena. Njoo, au usije. Lakini usituandikie.

Mwanakombo


Mkunya,
27 Septemba 2025

Mama Faidha,

Ulisema nisiandike. Hii ni ya mwisho, na nimeiandika kwa sababu mdomo wangu ungeipindisha.

Siku ile Mwalimu alinipa simu mkononi, ikiwa na vocha. Akasema, "Piga sasa hivi." Nilikwenda nyuma ya ghala. Nilianza kuandika namba ya Shamte. Nikamwona akilini amekaa na uji wake, sauti kubwa, watu wamemzunguka, nami nikisema ule muhogo mliouita kwa jina langu ni sumu, na niliuiba. Nilisimama pale muda wa mtu kuvuta sigara. Sikupiga. Nilirudi nikasema haipatikani.

Na basi la saa nne lilikuwa na nafasi. Husseni aliniuliza, "Hupandi?" Nikampa barua.

Ilikuwa Alhamisi. Miguu ya Faidha ilikaza Jumapili. Nimezihesabu siku hizo kila nikipuliza, kila nikiokota, na sijapata hesabu nyingine. Huenda ilikuwa imeshachelewa. Daktari anaweza kujua, mimi sijui. Najua tu kwamba nilikuwa na siku tatu mkononi nikaziweka mfukoni kwa Husseni.

Mwalimu nimemwambia jana. Aliingia ndani akatoka na baiskeli yake kuukuu, akanisukumia. Si nyekundu, na ni ya kiume, lakini nimeifungia kiti nyuma, chenye mgongo. Mashine nimemwachia Ashiru. Nitampeleka Faidha shule asubuhi na kumrudisha mchana, kama atakubali kupanda, kama wewe utakubali.

Nimepita kwa Shamte kwanza. Nimemwambia yote, mbele ya watu, na uji wake ukapoa.

Hii nimempa Husseni akuletee ndani. Mimi niko nje, nimekaa kwenye gogo kando ya chanja chako. Nasikia harufu ya mihogo iliyolowekwa. Mpe Mama shikamoo kabla sijaonana naye.

Ukimaliza kusoma, ukitaka niingie, usinijibu. Mtume Faidha aje aniite. Najua kutoka mlangoni mpaka hapa patamchukua muda. Sitamfuata katikati. Nitangoja afike.

Nurdini